Uchawi Niliouigiza Maparoni

Nyie vijana mnaokuja kibarazani kwangu hapa Kibiti, mnaniamkia vizuri, mnakaa, halafu mnatoa simu mnaniomba nicheke kile kicheko cha Bi Ndulele, yule mchawi niliyekuwa namwigiza kwenye filamu, mkirekodi. Sicheki. Nimeshawaambia kwa mdomo na hamkusikia, leo naandika. Nimezaa mtoto mmoja tu, Sikudhani, yuko Maparoni kwenye delta, na mie nyumbani kwake siingii. Sikufukuzwa. Ningefukuzwa ningejua pa kuanzia ugomvi. Kazi hii mnayoitamani ndiyo iliyonitoa kwa mwanangu, na nitawaeleza ilivyonitoa.

Lakini kwanza kazi yenyewe, maana bila kuijua hamtaelewa nilivyoharibikiwa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimeruka jambo nikalirudia baadaye, vumilieni. Mie sikuwahi kuandikiwa maneno, wala sikuwahi kuyapanga.

Sauti niliipata shambani. Mpunga ukianza kuiva sisi tunahamia dungu, kile kibanda cha juu ya miti, unakaa kutwa unawapigia ndege kelele. Niliamia ndege tangu mdogo mpaka sauti yangu ikawa inavuka mto. Baba yake Sikudhani alipotangulia Dar es Salaam kutafuta kazi, alipata kazi, akapata na mke. Nikamfuata kumwuliza, nikaulizwa mie nimefuata nini. Kurudi kijijini niliona haya. Sikudhani nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu, ndio kwanza anang'oka meno ya utoto. Nikabaki Temeke nakaanga mihogo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu, mashirika ya umma yanafungwa au yananunuliwa, na watu waliozoea kukaa mezani kantini wanakula muhogo wangu wamesimama.

Mmoja wao alikuwa Mzee Chande. Alikuwa mwigizaji katika kikundi cha sanaa cha shirika moja. Shirika likapunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa wakawa wacheza ngoma na waigizaji. Akaanzisha kikundi chake mwenyewe kwenye ukumbi wa baa, mchana, kabla walevi hawajaja. Siku moja nilikuwa nagombana na mwanamke aliyetaka kuweka jiko lake mbele ya langu. Mzee Chande akaja akasimama akasikiliza hadi mwisho.

"Mama," akaniambia, "sauti yako imenifikia kule sokoni."

"Basi rudi huko huko ukaisikilize."

Akacheka, akanunua muhogo, kesho yake akarudi. Hivyo ndivyo nilivyoingia. Hapakuwa na usaili, na picha yangu hakuiuliza mtu.

Pale ukumbini tulikuwa tunapiga kelele, kwa sababu watu wa nyuma nao wanataka kusikia. Televisheni za watu binafsi zilipoanza zilikuwa na njaa ya vipindi, zikawa zinatuita sisi wa vikundi. Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera nilifungua mdomo kama niko dunguni. Kijana wa sauti akavua vile vya masikioni, akavitupa mezani.

"Bi mkubwa, maikrofoni iko hapa juu ya kichwa chako. Haiko Kigamboni."

Wakacheka wote. Mzee Chande hakucheka. Akanivuta pembeni akaniambia: sema kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala, mtoto ambaye amesumbua kulala. Nikasema hivyo. Kijana wa sauti akavivaa tena vile vya masikioni. Hilo lishikeni. Anayemchukia mtu kwelikweli hana haja ya kelele. Kelele ni za anayetaka kuamuliwa.

La pili, mikono ipeni kazi. Nawaona nyie mkiigiza ubaya mnatoa macho na kukunja vidole kama kaa. Bi Ndulele nilimpa ungo. Alikuwa anachambua mchele, macho yote kwenye mchele, anaokota chuya moja moja, na huku anamwambia mkwe wake kuwa hatazaa. Watu waliniambia walisisimkwa mwili, na wala sikuwa nawaangalia.

La tatu ndilo lililoniua. Baada ya televisheni tukaingia kwenye mikanda ya video, na huko hatukuwa na maandishi. Asubuhi mnafika, mnakalishwa juu ya ndoo na matofali, mwongozaji anawasimulia: leo wewe mama unamwonea wivu mkwe, wewe mkwe una mimba, wewe baba huoni kitu. Maneno tafuteni wenyewe. Jenereta inazimwa isiingie kwenye sauti, mnawahi kabla betri ya kamera haijaisha, basi. Maneno yote ya Bi Ndulele yalitoka tumboni kwangu. Mwanzoni nilikuwa natoa ubaya mtupu, ha ha ha, nitawamaliza. Mzee Chande akanikemea mbele za watu.

"Usinipe mchawi. Mchawi hata mtoto anaweza kumcheza. Nipe mama mwenye sababu."

"Sababu niitoe wapi, na sikupewa?"

"Kila mtu ana mahali panapomuuma. Patafute kwako, paguse, halafu useme. Usiwaambie ni wapi. Wewe gusa tu."

Nikagusa. Nilifikiria baba yake Sikudhani na mke wake wa mjini, nikasema maneno, na mwongozaji alisahau kusema kata. Toka siku hiyo nikawa Bi Ndulele, nikafungwa humo. Nilimwomba mwongozaji mwingine anipe japo nesi, nivae nguo nyeupe mara moja. Akanijibu, "Bi mkubwa, watu wakikuona wewe na sindano watazima televisheni." Niliomba kucheza mke anayependwa, akadhani nafanya mzaha. Waigizaji wenzangu wazuri wa sura walikuwa wanabadilishiwa: leo tajiri, kesho maskini. Mie ni ungo na kaniki. Aliyewahi kunishukuru kwa kazi ile hayupo. Walionitemea mate wapo.

Muuza nyama wa Temeke alikuwa haniwekei nyama mkononi, anaiweka kwenye gogo niichukue mwenyewe. Huko Mbagala tuliazima nyumba ya mtu turekodi. Mwenye nyumba aliponiona nimekaa sebuleni kwake na kibuyu, alitukatalia kuondoka mpaka nyumba isomewe dua. Mashehe wakaitwa, pilau ikapikwa, nasi tukakaa tukaitikia amina. Kusema kweli pilau ile ilikuwa nzuri kuliko chakula chochote tulichowahi kupewa na wenye filamu. Nilicheka siku ile. Nilidhani ni ujinga wa mjini.

Katika mkanda mmoja nilicheza bibi anayemlisha mjukuu wake uji wenye dawa mpaka anakufa. Tuliurekodi, tukausahau, nikaendelea na mingine. Wakati huo Sikudhani alikuwa ameolewa kule kule kwetu Maparoni na Shamte, kijana mtulivu, mkulima wa mpunga, na wamepata mtoto wa kiume, Athumani. Nikaenda kuwaona. Nilichukua unga wa ulezi na karanga kutoka mjini, nikakaa nao siku kadhaa, kila asubuhi nakoroga uji namlisha mjukuu wangu. Mtoto alinenepa. Mama yake Shamte, Bi Tatu, akawa ananitania: "Mkwe, utatubebesha mtoto mzito huyu kisha ukimbilie Dar." Tulielewana, mie na yule mwanamke.

Niliporudi Dar mtoto akashikwa na degedege. Boti ya kumpeleka zahanati ilisubiri maji yajae, na maji yalipojaa hakukuwa na wa kupelekwa. Nilikwenda matanga, nikalia na wenzangu, nikapokelewa vizuri.

Baadaye akatokea mfanyabiashara na jenereta, televisheni na deki, akajenga banda la makuti la kuonyesha video. Mkanda wangu ulikuwa ndani ya mzigo wake. Kijiji kizima kikaingia. Wakaniona mie, kwa sura yangu na sauti yangu, nakoroga uji polepole, namlisha mjukuu, mjukuu anakufa. Nilikwishawaeleza kuwa kilichowatisha watu kwangu ni kwamba sikutoa macho. Na msidhani walikuwa wajinga. Walikuwa wanajua kabisa kuwa filamu ni mchezo. Walikuwa wanawacheka kina mama wanaolilia filamu. Ila walisema maneno yale sikuandikiwa, nimeyatoa mwenyewe, na mtu hatoi asichokuwa nacho. Hilo la kutoandikiwa walilijua kutoka kwangu. Nilijisifu nalo siku za kukoroga uji.

Sikudhani alipojifungua tena, mtoto wa kike, Zena, nikafunga safari kwenda kumwuguza arobaini yake. Bi Tatu akanikuta mlangoni, akasimama katikati ya mlango.

"Mkwe, mie sina kinyongo nawe," akasema. "Ila humu ndani mna kichanga."

"Ni mjukuu wangu."

"Hata yule alikuwa mjukuu wako."

 Nikafikia kwa binamu yangu, nikakaa huko kama mgeni katika kijiji nilichozaliwa. Siku hizo kijiji kilikuwa kimemwita mnyoaji, mganga kutoka bara, upande wa Ngarambe. Nyie mmesikia habari za kunyolewa lakini hamkuziona. Mtu aliyeshukiwa uchawi anakalishwa mkekani mbele ya watu, ananyolewa nywele zote kwa wembe, anachanjwa, anaungama, ananyweshwa dawa. Akitoka hapo ni msafi. Hana wa kumnyooshea kidole, na akirudia uchawi dawa inamuua. Mwenyekiti wa kijiji siku hizo alikuwa safarini, kama wanavyokuwa safarini siku za namna hiyo. Bi Tatu akatuma neno: mkwe anyolewe, kisha aingie nyumbani, tutampokea kwa mikono miwili.

Nikakataa. Mie ninyolewe kwa lipi? Nikakaa nimekataa, mpaka Sikudhani mwenyewe akaja nyuma ya ua wa binamu yangu, amejifunika kanga, macho yamemvimba.

"Mama, kubali tu."

"Nikubali nini, Siku? Kwamba nimemuua Athumani?"

"Si kweli, najua. Lakini mie ndiye ninayeishi nao. Kila siku naangaliwa. Mama mkwe ananipenda, Shamte ananipenda, ila wanasubiri. Ukinyolewa wataridhika, utaingia, utamwosha mtoto, utanikanda. Wewe si mwigizaji? Igiza."

"Nikiungama nimeungama, mwanangu. Maneno hayarudi."

"Mie nitajua kuwa unaigiza. Wewe unataka nani mwingine ajue?"

Hakuna neno katika maisha yangu lililonitosha kama lile. Yeye atajua. Nikakubali.

Tulikuwa wachache mkekani. Kulikuwa na mzee mmoja aliyegombana na jirani zake juu ya mpaka wa shamba, na bibi mmoja mjane aliyeishi peke yake, ambaye kosa lake lilikuwa kuishi sana. Yule bibi aliulizwa akasema, "Nimeloga, nisameheni," kwa sauti ya mtu anayeomba maji, akanyweshwa dawa akaenda zake kupika. Nami nilikusudia kusema maneno hayo hayo mawili.

Nikanyolewa. Nywele zangu zikaanguka mapajani. Mnyoaji, mtu mfupi mwenye koti, akaniambia, "Sema."

"Nimeloga, nisameheni."

Kijana mmoja kwenye kundi akapaza sauti, "Anaigiza huyo. Huyo ni Bi Ndulele, ndio kazi yake. Tushamwona."

Watu wakaguna. Mwingine akadakia, "Anatuchezea filamu hapa." Wakacheka, kicheko kibaya.

Hebu fikirieni. Muda wote nilipokuwa naigiza waliniita mchawi. Siku niliyotaka wanikubali mchawi, nimalize, niende kwa mwanangu, ndipo walipokumbuka kuwa mie mwigizaji. Mnyoaji akauweka wembe chini.

"Hapa hatuchezi, mama. Dawa haishiki mtu anayeigiza. Kama huna la kusema, inuka, uende, na kijiji kitajua la kufanya."

Nikamtazama Bi Tatu. Alikuwa amefunga mikono kifuani. Nyuma yake alikuwa Sikudhani, mtoto mgongoni. Nikaona mlango ule ukifungwa moja kwa moja.

Nikainamisha macho. Mikono ilitaka kazi, nikaanza kuokota nywele zangu mapajani, moja moja, naziweka pembeni ya mkeka. Nikasema kwa sauti ya karibu na mtoto aliyelala, na wale wa nyuma wakasogea wenyewe.

Nilisema, Sikudhani nilimwacha kwa mama yangu akiwa mdogo. Kila nilipokuja nilimkuta mzima, hanililii. Nikimletea nguo anashukuru kama anavyomshukuru mgeni. Akaolewa, mume wake akatulia nyumbani. Wa kwangu hakutulia. Nikaja na unga wangu, nikamkuta amekaa na mumewe wanamchezesha mtoto, wanacheka, na mie nimesimama na mzigo kichwani hawajaniona bado. Nikajiuliza, huyu kwa nini apewe vyote, na mie niliyemzaa sikupewa hata kimoja? Asubuhi nikakoroga uji. Wakati nakoroga nilikuwa najua.

  Yule kijana aliyesema naigiza alikuwa ameshika kichwa. Mnyoaji mwenyewe alichelewa kuniletea kata ya dawa.

Uji ule ulikuwa ulezi, karanga na sukari. Wallahi hapakuwa na kingine. Ila yale ya mwanzo, ya kuwa mtoto hanililii, ya kusimama na mzigo kichwani, nilipoyatafuta niliyakuta yapo, sikuyabuni. Mnielewe. Mtu anaweza kuumwa na jambo na asimdhuru mtu. Wengi wenu mnaumwa hivyo sasa hivi na mnakula wali vizuri.

Bi Tatu alikuja akanikumbatia analia. "Nimekusamehe, mkwe wangu. Sasa yamekwisha." Na aliyasema kwa moyo, mwanamke yule hakuwa mnafiki. Akanishika mkono mpaka nyumbani kwake, akanipa maji ya kuoga, akanifunga kanga mpya kichwani, kisha akaniingiza chumbani.

Sikudhani alikuwa amekaa kitandani, mtoto ubavuni.

"Mpe bibi yake mtoto," Bi Tatu akasema, akatoka akatuachia nafasi.

"Amelala," Sikudhani akasema.

Mtoto alikuwa macho, anarusha miguu.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikangoja. Nilidhani atacheka, tucheke wote, tuzibe midomo kwa kanga wasitusikie. Akawa anapanga nepi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama, yale maneno umeyatoa wapi?"

"Si uliniambia niigize."

"Nilikwambia useme umeloga. Sikukwambia useme yale."

"Walikataa, Siku, uliwasikia. Ilibidi niwape sababu."

"Siku ile ulisimama kweli na mzigo kichwani. Nakumbuka. Tulikuwa tunacheka, nikageuka nikakuona. Sura uliyokuwa nayo nilijiambia ni uchovu wa safari."

"Ulikuwa uchovu."

"Na asubuhi ukawahi kuamka kukoroga uji kabla yangu."

"Kwa sababu mie mama yako."

Akaniangalia muda mrefu. Si kwa hasira. Hasira ningeijua.

"Nataka kukuamini," akasema. "Basi niangalie bila kuigiza. Mara moja tu."

Nikamwangalia. Machozi yakanitoka, na sikuyaita. Naye alikuwa amekwisha kuona mikanda yangu yote, Shamte alikuwa anampeleka bandani. Akatikisa kichwa polepole.

"Hata hayo nimeyaona, mama. Yanaanza jicho la kushoto."

Akambeba mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka kwenda kwa mama mkwe wake jikoni. Nilikaa pale arobaini ikaisha. Sikuteta na mtu, sikunyimwa chakula. Nilifua, nilichota maji, nilimchemshia Sikudhani maji ya kukandwa na Bi Tatu akamkanda. Uji walikuwa wakikoroga wenyewe. Sijawahi kumpakata Zena. Nilipoondoka, Sikudhani alinisindikiza mpaka kwenye boti kwa adabu zote, na tangu hapo tunaulizana hali kwa salamu za watu.

Filamu niliacha. Mzee Chande alikuja kunibembeleza kabla hajafariki, akasema hajapata kuona mwigizaji kama mie. Nilimweleza ya Maparoni. Akaniomba nimwonyeshe nilivyosema. Mpaka leo sijui kama alitaka kunipa pole au alitaka kuiona kazi. Sikumwonyesha.

Wiki iliyopita muuza samaki anayetoka delta alinieleza kuwa Zena amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikaingia ndani nikatoa doti ya kanga niliyokuwa nimeiweka, nikamkabidhi ampelekee.

"Bibi," akaniuliza, "kitukuu hiki, huendi mwenyewe kukiona?"

Nikashika goti, nikalikanda kidogo, nikamwambia miguu hainibebi siku hizi, boti nitaipandaje.

Akanipa pole. Aliniamini.